Mfunze Mwanao Neno 'Mvua' kwa Sentensi

Mtoto wa mjini hulijua neno "mvua" mapema. Lakini mwambie alitumie katika sentensi, utasikia "mvua mkubwa" au atakimbilia Kiingereza.

Mzazi, usimlaumu. Neno lisilotumiwa nyumbani halikai kichwani. Siku mvua itakaponyesha, mwite dirishani umwanzishie kwa yale anayoyaona:

"Mvua inanyesha."

"Mvua hii ni kubwa, ya jana ilikuwa manyunyu tu."

"Anua nguo, mvua inakuja!"

"Mvua imeanuka, sasa twende dukani."

Mwache naye atunge yake. Akikosea, usimcheke, irudie sentensi ikiwa sahihi, kisha mwendelee na mazungumzo. Mkubwa kidogo mweleze majira: mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba.

Usisahau sentensi moja zaidi: "Mvua ikizidi, mto hufurika, usivuke." Huo si mchezo wa maneno. Mwezi wa Aprili 2024, Mto Mathare ulifurika jijini Nairobi, ukabomoa nyumba na kuua watu. Redio inapotangaza kuwa mvua kubwa inatarajiwa, mtoto anayeielewa sentensi hiyo atajua kwa nini umemkataza kupitia njia ya mtoni akitoka shule.

Basi leo jioni, kabla ya kulala, muulize: mvua ikinyesha kesho, utafanya nini? Akujibu kwa sentensi kamili.