Kabla ya kununua gari la kale, chunguza sakafu yake

MKENYA anayeishi Uingereza na kutamani gari la kale la Marekani lenye paa la kukunjwa anaweza kupoteza akiba ya miaka mingi akivutiwa na rangi pekee.

Gari linalosakwa mno ni Ford Mustang, lililozinduliwa jijini New York mnamo Aprili 17, 1964. Lile lenye nambari ya kwanza, jeupe na la paa la kukunjwa, liliuzwa kimakosa nchini Canada kwa rubani Stanley Tucker. Mnamo 1966 Ford ilimpa Mustang ya milioni moja ili kulirejesha.

Thamani ya gari hilo ilitokana na nambari yake, na hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kuanzia. Katika nambari ya kiwandani ya Mustang za miaka hiyo, tarakimu 08 huonyesha kwamba gari liliundwa likiwa na paa la kukunjwa. Ukikuta 07, jua kwamba lilikuwa na paa la chuma ambalo limekatwa baadaye. Nambari hiyo sharti ilingane na iliyo kwenye cheti cha umiliki.

Hatua ya pili ni kutafuta kutu. Mustang haina chasisi ya kando. Bodi yenyewe ndiyo hubeba uzito wote. Kwa kuwa paa la chuma halipo, Ford iliongeza vyuma sakafuni na chini ya milango. Vyuma hivyo vikioza, gari hupinda katikati na milango hukataa kufunga sawasawa.

Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa juu ya bodi. Isiponata, huenda kuna puti chini ya rangi. Kisha mwaga maji kwenye matundu ya hewa yaliyo mbele ya kioo cha dereva. Yakidondoka miguuni pa abiria, kutu imekwisha kula ndani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ndiyo maana wengi hupendelea magari ya California na Arizona, kulikokauka. Jua la huko huharibu viti na turubai la paa, lakini hivyo hubadilishwa kwa urahisi. Katika majimbo ya kaskazini, chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula chuma.

Ukarabati nao una utaratibu wake: chuma kwanza, kisha breki, nyaya za umeme na injini, rangi na turubai huja mwisho. Usipuuze breki. Mustang za hadi 1966 zina mfumo mmoja wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Ukivuja, yote hukosa breki kwa pamoja. Mafundi wengi huweka mfumo wa njia mbili.

Nchini Uingereza, gari la zaidi ya miaka 30 lililo katika hali yake ya asili huweza kutozwa VAT ya asilimia 5 pekee linapoingizwa. Hata hivyo, anayepanga kurudi nalo nyumbani atafakari mapema. Kwa kawaida, kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane, wala yenye usukani upande wa kushoto.