Bustani ya duara: matandazo ndoo ngapi?

Mwezi huu ukurasa wa familia unaingia bustanini, tena unaingia na hesabu. Msiogope. Hata mtoto wa darasa la sita hapo nyumbani anaweza kuwasaidia.

Hapa Nyarugusu nafasi ni ndogo, ndiyo maana kuna familia zinazolima kitalu cha duara karibu na mlango: lengalenga, nyanya, vitunguu, bilinganya. Shida inakuja kiangazi. Mwezi wa sita hadi wa tisa hapa Kigoma mvua haionekani, na maji ya bomba ni ya foleni. Nani atamwagia mboga bidoni mbili wakati watoto hawajaoga?

Dawa yake ni matandazo, yaani nyasi kavu, majani ya mgomba, maganda ya maharage au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, tunayotandika juu ya udongo. Yanakinga jua, maji hayakauki upesi, magugu yanakosa mwanga. Yakioza yanakuwa mbolea.

Kwa nini tupime?

Wanaofuata nyasi wengi ni akina mama na wasichana. Kwenda porini kuna hatari, hilo tunalijua wote. Ni heri mtu ajue tangu nyumbani: nahitaji magunia sita, naenda na wenzangu mara moja, tunarudi pamoja mchana. Anayekisia kwa macho zikipungua atarudi tena, na safari ya pili mara nyingi ni ya jioni na ya peke yake. Zikizidi nazo, ni nyasi ambazo jirani angeezekea nyumba.

Namna ya kupima

Chukua kamba, ivute kutoka ukingo mmoja wa kitalu hadi ukingo wa pili, ipite katikati kabisa. Huo ni upana. Pima kamba hiyo kwa rula ya ubaoni ya mita moja. Kama mboga zimejaa na huwezi kupita katikati, zungusha kamba pembeni, kisha gawa kwa 3.14. Kamba ya mita 6.28 inakupa upana wa mita 2.

Kama kitalu si duara sawasawa, pima upana mkubwa na upana mdogo, jumlisha, gawa kwa 2. Mita 2.4 na mita 1.6 ni mita 4. Nusu yake ni mita 2.

Sasa hesabu. Nyasi zikiwa bado hazijalala, tandika unene wa sentimita 10, kwa sababu zitashuka. Zidisha upana kwa upana, halafu zidisha kwa 4. Jibu ni idadi ya ndoo za lita 20.

Upana mita 1: ndoo 4.
Upana mita 1 na nusu: ndoo 9.
Upana mita 2: ndoo 16.
Upana mita 3: ndoo 36.

Mwenye maganda au mabua madogo anaweza kutandika sentimita 5 tu. Huyo azidishe kwa 2 badala ya 4.

Wanafunzi watauliza hiyo 4 imetoka wapi. Kitalu cha mita 2 kina nusu upana ya mita 1. Eneo lake ni 3.14 × 1 × 1, yaani mita za mraba 3.14. Zidisha kwa unene wa mita 0.10, unapata lita 314. Gawa kwa 20, ni ndoo 15.7, tunasema 16. Ile njia fupi inaleta jibu hilohilo.

Na gunia je? Magunia hayalingani, kwa hiyo pima la kwako kwa ndoo. Likimeza ndoo tatu, basi ndoo 16 ni magunia sita, na la mwisho halijai.

Ya kuangalia wakati wa kutandika

Mwagia udongo kwanza, ndipo utandike. Matandazo juu ya udongo mkavu yanazuia hata maji kidogo kufika chini. Acha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka kila shina, lisioze. Mbegu ndogo zisifunikwe mpaka miche ifike urefu wa kiganja. Usilete nyasi zenye mbegu, utakuwa umepanda magugu. Funua mara kwa mara uangalie mchwa. Na jiko liwe mbali, nyasi kavu hazitaki cheche.

Kabla ya kwenda mbali, angalia nyumbani. Jirani anayebadilisha paa ana nyasi za zamani ambazo angezitupa. Hizo zinafaa sana, na hazidai safari.

Wazazi, waiteni watoto washike kamba na wafanye hesabu wenyewe. Asiye na rula aje shuleni baada ya masomo, tutampimia kamba yake.