Hirizi na Umbo la Kitabu katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Wako watu wakusanyao vyombo vya kila siku vilivyofanyizwa mfano wa kitabu: visanduku, saa, hata chupa za pombe. Mwaka 2016 Mindell Dubansky, mhifadhi wa vitabu, alionyesha mkusanyo wake wa namna hiyo katika Grolier Club, New York. Vyombo hivyo vina jalada na mgongo wa kitabu, lakini kurasa za kusomwa hazimo.

Katika pwani ya Kilwa na Lindi kitu kilicho karibu na hivyo ni hirizi, nayo ni kinyume chake: maandiko yamo, bali kitabu hakionekani. Asili ya neno ni Kiarabu, na maana yake ni kinga. Mwalimu huandika aya au dua katika karatasi, akaikunja. Kisha hushonewa kitambaa au ngozi, ikavaliwa shingoni au mkononi. Wenye uwezo waliitia katika kikasha cha fedha, kazi ya sonara, namna ijulikanayo pia Omani. Kikasha kimoja huwa bapa, chenye pembe nne, mfano wa msahafu mdogo uliofumbwa. Kingine huwa kama bomba, mfano wa karatasi iliyoviringishwa.

Tukitaka kujua wenyewe wanakihesabu kitu hiki kuwa nini, yafaa tutazame vitenzi. Kitabu hufunguliwa, husomwa, huazimwa. Hirizi huvaliwa, hufungwa, huvuliwa. Kadhalika kombe: jina ni la sahani kubwa, lakini maandiko ya zafarani yakisha kuoshwa kwa maji, mtu husemwa *amekunywa kombe*. Katika yote mawili andiko lipo, wala halisomwi na yule limfaaye.

Hapo ndipo penye shida ya mkusanyaji. Akikata mshono ili asome, hupata karatasi, naye amepoteza hirizi. Katika Kilwa Kivinje bibi mmoja alinionyesha yake, akanikataza kuifungua, kwani kwake ikifunguliwa si kitu tena. Sikumshurutisha. Niliandika jina lake aliloiita, mahali aivaapo, na vitenzi alivyovitumia.

Nionavyo, maneno hayo ni sehemu ya kitu chenyewe. Hirizi iliyowekwa katika kabati la makumbusho bila maneno hayo ni kikasha tu, na atakayekiona baadaye hatajua kwa nini hakikufunguliwa.