Bustani ya Mboga Karibu na Jiko

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo la nyumbani kabisa, nalo ni mboga. Katika sehemu nyingi za nyanda zetu za juu mvua ya masika huanza kati ya Machi na Aprili, na watu wakiona mawingu hukimbilia mahindi na maharagwe. Hawafanyi vibaya. Lakini mahindi ya sehemu za baridi, kama Trans Nzoia, hukaa shambani miezi 6 au zaidi. Katika muda huo ghala hupungua, pesa zimekwisha kwenda kwa mbegu, mbolea na karo ya shule, nao watoto wataka kula kila jioni. Hapo ndipo mama huenda sokoni na shilingi chache mkononi kutafuta fungu la sukuma wiki. Jina lenyewe lasema kazi yake: ni mboga ya kulisukuma juma mpaka lipite.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, Mfalme Ahabu analitamani shamba la mizabibu la Nabothi. Sote twajua dhambi iliyofuata. Lakini je, umeangalia alilitaka kwa kazi gani? Alitaka kulifanya bustani ya mboga, kwa sababu lilikuwa karibu na nyumba yake. Mtu yule alipotoka katika mambo mengi, ila kuhusu mahali pa kupanda mboga alifikiri sawasawa. Nilipokuwa chuo cha theolojia niliisoma sura hiyo kwa ajili ya mtihani, nikaandika mengi juu ya tamaa na uonevu, wala neno hilo dogo "karibu" sikuliona.

Nililiona baadaye, kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza katika parishi nililima bustani kando ya mto, kiasi cha nusu maili kutoka nyumbani. Udongo ulikuwa mweusi na maji tele, na watu walionipita walinisifu. Kufika Mei magugu yalikuwa marefu kuliko mboga, viwavi wametoboa majani, na mbuzi walimaliza yaliyobaki. Mama watoto aliendelea kununua mboga sokoni, wala hakusema lolote. Kunyamaza kwake kulinitosha. Mwaka uliofuata nikamwuliza, "Mama, bustani tuiweke wapi?" Hakujibu. Alichukua jembe akaenda nyuma ya jiko, mahali nilipokusudia kupanda nepia ya ng'ombe, akachora mstari.

Basi, wazee wenzangu, kabla hujapanda nepia au kahawa mpaka kwenye ukuta wa jiko, muulize mwenye kupika.

Bustani hiyo isiwe kubwa. Miche 40 ya sukuma wiki, mistari 4 ya miche 10, yataka nafasi ya meta 2 na nusu kwa meta 4 na nusu tu, ukiacha sentimeta 60 kati ya mistari na 45 kati ya mche na mche. Ikishika vizuri, ukichuma majani 2 kwa kila mche kwa juma, hayo ni majani 80. Chuma ya chini kwanza, uyaache machanga ya juu, na mche utaendelea kukupa kwa miezi mingi.

Wengi hukosa hapa: kazi ya sukuma huanza jua lingali kali, majuma 4 mpaka 6 kabla ya mvua. Tengeneza kitalu cha upana wa meta moja, panda mbegu katika vijifereji vya kina cha sentimeta moja hivi, funika kwa nyasi kavu, umwagilie. Mbegu zikiota, ondoa nyasi hizo, uweke kivuli chepesi juu ya vijiti. Juma la mwisho punguza maji na kivuli, miche izoee shida kidogo. Mvua ikilainisha ardhi, hamisha miche jioni, si adhuhuri.

Katika kila shimo tia konzi mbili za samadi iliyooza. Nasema iliyooza! Samadi mbichi ya kuku huchoma mizizi, na miche hugeuka manjano kana kwamba imemwagiwa maji ya moto. Kuna viwavi pia wakatao shina usiku karibu na ardhi. Uviringishie kila mche kipande cha ganda kavu la mgomba, nusu kikizama udongoni. Ukiona vidukari chini ya majani, waponde kwa vidole wakiwa bado wachache. Ukiwa karibu na jiko utawaona mapema.

Wakati sukuma ingali changa, utakula nini? Hapo mboga za wazee wetu zina faida kubwa. Majani ya kunde na mchicha huweza kuchumwa majuma 3 au 4 tu baada ya kupanda. Mnavu, ambao wengine huuita managu, huchukua muda mrefu kidogo, na mbegu zake ni ndogo mno. Changanya na mchanga mkavu ili zisianguke mahali pamoja. Ukikua, kata ncha ya juu utoe matawi. Kuna vijana wanaoziona mboga hizi kuwa chakula cha maskini. Mimi sikubaliani nao. Majani hayo ya kijani kibichi yana vitamini A na madini ya chuma, vitu ambavyo mtoto hatavipata vya kutosha kwa ugali na chai.

Jambo la mwisho ni kuku. Kuku watatu wanaweza kuharibu kwa asubuhi moja kazi ya majuma sita. Zungusha matawi ya miiba kabla miche haijahamishwa, ukiacha mlango mdogo upande wa jiko wa kumtosha mtu mmoja na kikapu chake. Wetu tuliutengeneza kwa bati la zamani, na jogoo wetu huuzunguka kila asubuhi akitafuta upenyo.