Sura ya Sita: Ngoma Haipozi Bahari

Nikitaja muziki wa visiwani na mabadiliko ya tabianchi mbele ya watu, swali la kwanza huwa lile lile: ni kweli ngoma ikipigwa kwa nia njema matumbawe hupona? Si kweli. Matumbawe hupauka maji yanapozidi joto la kawaida la kaskazi kwa nyuzi 1 hivi na kukaa hivyo wiki kadhaa. Vijimwani vinavyoyalisha kwa ndani hutoka, na bahari isipopoa mapema, yanakufa. Mwaka 1998, joto lililokuja na El Niño liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya. Hapakuwa na mzimu uliokasirika wala mpigaji aliyekosea mkono.

Imani hiyo ina binamu yake wa mjini, anayetuambia kwamba ala za asili zina sauti ya hezi 432 inayoiponya dunia. Pembe la vugo, ngoma nitakayoieleza punde, hulia jinsi lilivyoota kichwani mwa nyati. Ukipata mawili yenye sauti moja, nijulishe.

La tatu nalisikia Wasini, kisiwa cha pwani ya Kenya. Nyuma ya kijiji kuna bustani ya matumbawe makavu, yenye njia ya mbao inayosimamiwa na kikundi cha akina mama. Wageni wakiyaona yamesimama nchi kavu husikitika: tazama tabianchi ilivyofanya! La hasha. Miamba ya aina hii katika pwani yetu ilijengwa miaka 125,000 hivi iliyopita, bahari ikiwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Hapo mjuaji mwingine hudakia: kama bahari ilipanda na kushuka yenyewe, makelele ya nini? Makelele ni ya kasi. Miamba ile ilichukua maelfu ya miaka kubaki nchi kavu. Joto la 1998 lilimaliza kazi yake kwa miezi.

Sasa vugo, maana nimelitaja. Ni pembe la nyati linalogongwa kwa kijiti, ngoma ya wanawake katika harusi za Waswahili. Mngoi anatupa ubeti, wenzake wanaitikia, mapembe yanashika mwendo, msafara unakata vichochoro. Wasini haina nyati hata mmoja; pembe limevuka maji kutoka bara, upande wa Shimoni, kwa hiyo anayetafuta muziki wa kisiwa usiochanganyika na kitu ataondoka mikono mitupu. Na beti hazikai makumbusho. Hutungwa kwa shughuli ya leo, juu ya bwana harusi bahili au wifi mchokozi, kwa mafumbo ambayo kila aliyepo anayaelewa na mhusika hawezi kuyashtakia popote. Neno ambalo halisemeki barazani husemeka hapo, na mwenye kuvuta juya usiku au kukata mikoko ataimbwa naye akiwa amesimama pale pale. Juya halileti joto, nakubali. Lakini mwamba uliochanwa na nyavu hauinuki upesi joto likishapita.

Nilikusudia kutoka hapa kwenda moja kwa moja kwa wanamuziki wa kisiwa cha Morisi, lakini siwezi kuipita Siku ya Mwaka, maana nyimbo za kalenda yake nazo huletwa kama ushahidi wa tabianchi. Ndiyo Nairuzi, ile inayosherehekewa hadi leo Makunduchi, Unguja, wanaume wakichapana kwa migomba na wanawake wakiimba. Mwaka wake una siku 365 basi: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za ziada. Wakulima na manahodha walihesabu kwa miongo hiyo mvua na pepo, na hesabu zikaingia katika misemo na nyimbo. Leo mzee anasema miongo imeharibika, mvua haiifuati tena, na kijana wa mradi fulani anaandika haraka: ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi.

Ngoja, mwanangu. Mwaka huo haujui mwaka mrefu, kwa hiyo kila miaka 4 unarudi nyuma siku 1. Katika miaka ya 1860 Siku ya Mwaka ilikuwa ikiangukia mwishoni mwa Agosti. Siku hizi huangukia Julai. Tuseme wimbo wa enzi hizo unaitaja vuli katika mwongo wa saba. Leo utakosea kwa siku 40 hivi, hata kama mawingu hayakubadili tabia hata kidogo! Ziondoe kwanza siku hizo. Kinachobaki ndicho cha kumpelekea mtaalamu wa hali ya hewa, na kipo: kati ya 2020 na 2022 maeneo makame ya Kenya yalikosa mvua za kutosha misimu 5 mfululizo. Katika kisiwa kama Wasini, kisicho na mto wala chemchemi, jabia tupu la maji ya mvua halihitaji kalenda ya mtu.

Morisi basi, kwa ufupi. Mradi wa Small Island Big Song, ulioanzishwa 2015 na Tim Cole na BaoBao Chen, huwarekodi wanamuziki wa visiwa vya Pasifiki na Bahari ya Hindi kila mmoja kwao, kwa lugha na ala zake, kisha wa visiwa vingine huongeza sauti zao juu ya rekodi hiyo. Miongoni mwao yumo Emlyn wa Morisi, mwimbaji wa sega, muziki wa kisiwa hicho. Sega ya asili hupigwa kwa ravanne, ngoma ya ngozi ya mbuzi inayopashwa motoni kwanza ili ikaze. Ninachowapendea ni kwamba hawahubiri sayansi. Kila mtu anaimba pwani aliyokulia.

Huku kwetu tunaagiza nyimbo za semina: ubeti wa kupanda miti, ubeti wa kutotupa plastiki (ambayo ni balaa la peke yake, siyo iliyopauza matumbawe), na ubeti wa kumshukuru mfadhili. Hakuna anayeziimba harusini. Wewe unayetoa fedha, usimpe mngoi karatasi ya ujumbe. Mlipe, kisha mwache aimbe jabia lake, mwani wa Mkwiro, kijiji cha hapo hapo Wasini, unaooza maji yakipata moto, na yule mwenye juya. Vipimo vya joto waachie wenye vipimajoto.