Sukari hupotea kabla ya kufika kinuni

Kila mwaka masika yanapokaribia, wafanyabiashara wa sukari huulizana swali moja: viwanda vinafunga lini? Kilombero na Mtibwa mkoani Morogoro, pamoja na TPC ya Moshi, kwa kawaida husimamisha mitambo wakati wa mvua hizo na kufanya matengenezo. Soko hubaki likitegemea akiba iliyomo maghalani na sukari inayoagizwa kutoka nje.

Ukubwa wa akiba hiyo hutegemea jinsi msimu wa kusaga ulivyokwenda. Uzalishaji ukipungua, lawama huelekezwa kwa mitambo. Hata hivyo, mara nyingi chanzo kiko nje ya lango la kiwanda: miwa haikufika kwa wakati wake.

MIWA HAINGOJI

Kiwanda cha nguo kinaweza kuweka marobota ya pamba ghalani kwa miezi. Kiwanda cha sukari hakina nafasi hiyo. Muwa ukishakatwa huanza kukauka na kupoteza sukari, na ule uliochomwa moto ili kurahisisha ukataji huharibika haraka zaidi. Lengo huwa ni kuusaga ndani ya saa 24, au zisizidi 48, tangu shamba lilipochomwa.

Tuchukue mfano wa kiwanda kinachosaga tani 3,000 kwa siku. Hizo ni tani 125 kila saa. Kama lori moja hubeba tani 25, malori matano lazima yapite kwenye mzani kila saa, yaani moja kila dakika 12, usiku na mchana. Mkataji mmoja akikata tani tano kwa siku, wanahitajika wakataji 600. Na kwa kuwa ukataji hufanyika mchana, jua linapotua uwanja wa kiwanda uwe na miwa ya kutosha saa 12 za usiku, yaani tani 1,500, kama malori hayatapakia gizani.

Tani kumi za miwa hutoa takriban tani moja ya sukari. Kwa hiyo kinu kikisimama saa moja, zinakosekana tani 12 na nusu, sawa na magunia 250 ya kilo 50.

Hasara haiishii hapo. Makapi ya miwa ndiyo kuni za boila, na boila ndiyo inayotoa mvuke wa kuendesha mitambo na kuchemsha juisi. Miwa ikikatika, makapi nayo hukatika. Akiba ya makapi ikiisha, moto hushuka, na kuuwasha upya huchukua muda.

RATIBA IANZIE KINUNI

Kosa la kawaida ni kupanga kuanzia shambani: kila kundi la wakulima linataka shamba lake lichomwe mapema, na kinachokatwa hupelekwa kiwandani chote kwa pamoja. Matokeo yake ni foleni ndefu leo na uwanja mtupu kesho.

Ratiba sahihi huanzia kinuni na kurudi nyuma. Kwanza huulizwa: kesho kinu kitasaga tani ngapi? Kisha hupangwa malori, halafu wakataji, na mwisho kabisa hutolewa kibali cha kuchoma. Kinu kikiharibika mchana, taarifa ifike shambani kabla kiberiti hakijawashwa jioni. Shamba likishaungua, saa imeanza kuhesabu.

Anayeumia kwanza ni mkulima mdogo. Pale malipo yanapofuata uzito na kiwango cha sukari, miwa iliyolala siku tatu barabarani humpunguzia kote kuwili, ilhali gharama za kukata na kusafirisha ziko palepale. Akikosa kabisa zamu ya kuvuna, miwa yake husubiri msimu ujao na deni la mbolea nalo husubiri.

MVUA HUVURUGA HESABU

Mvua huharibu kila hatua ya ratiba. Shamba lililolowa haliungui vizuri, malori hukwama, na muwa wenyewe hunyonya maji na kupungua utamu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Tanzania wakati wa mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024. Uzalishaji ulishuka, na bei ya rejareja ikapita shilingi 4,000 kwa kilo katika sehemu kadhaa, wakati mashambani miwa bado imesimama.

Kwa mfanyabiashara, funzo ni kwamba asitazame ukubwa wa mashamba peke yake. Aulize mvua za vuli zimekuwaje, barabara za mashambani zinapitika, na kinu kimesimama mara ngapi kwa kukosa miwa. Majibu hayo humpa picha ya akiba itakayokuwapo masika kabla bei haijaanza kupanda dukani.