Bethidei Yako: Furaha, Machozi au Vyote?

Wengine huanza kuhesabu siku mwezi mzima kabla. Wengine huzima simu. Wewe uko kundi gani?

Siku nilipotimiza miaka 30, mchana kutwa nilikuwa nacheka. Ofisini wenzangu walinivizia na ndoo ya maji nikaloa chapachapa, wakanilisha keki mpaka puani, tukapiga picha kibao. Jioni ukaingia ujumbe wa shangazi: "Hongera mwanangu, Mungu akuongoze. Pilau tutakula lini?" Basi! Nilizima simu, nikajifungia chumbani na kulia.

Shangazi hakuwa na nia mbaya. Ila maneno yale matatu yalinigonga palepale penye kidonda. Nilidhani ni mimi tu, lakini nilipowauliza mashosti, kila mmoja alikuwa na yake.

SIKU YA MAHESABU
Tatizo la bethidei ni kwamba haiji na keki tu, inakuja na maswali. Nyumba iko wapi? Mume yuko wapi? Mbona fulani niliyesoma naye ana watoto watatu?

Na ukikaribia kubadilisha namba ya mbele, ndiyo balaa zaidi. Mwaka 2014 watafiti Adam Alter na Hal Hershfield wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu watu ambao umri wao unaishia na tisa: 29, 39, 49. Walieleza kuwa hao ndio hujiuliza zaidi kama maisha yao yana maana. Wengine huamua kukimbia marathoni kwa mara ya kwanza, wengine hutafuta mpenzi wa pembeni. Kwa hiyo mwenzio wa miaka 39 akianza vituko, kaa naye mzungumze kabla hujapekua simu yake!

MAMA HAKUWA NA KEKI
Nilimweleza mama yangu masikitiko yangu, akacheka. Yeye anachojua ni kwamba alizaliwa mwaka wa Uhuru, 1961, wakati wa mavuno. Tarehe 1 Julai iliyoko kwenye kitambulisho chake ilijazwa tu ili fomu isibaki wazi. Hajawahi kulilia miaka, maana hakuna siku inayokuja kumdai.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: "Siku uliyozaliwa, mwenye kazi nilikuwa mimi. Nilivuja damu mpaka wakakata tamaa. Wewe ulilia tu." Nilikuwa na miaka 30 na sikuwahi kumuuliza siku yangu ilikuwaje kwake.

SIKU MOJA, MAMBO MAWILI
Shosti wangu mmoja hakubahatika kuuliza. Mama yake alifariki siku alipomzaa. Kila mwaka, asubuhi familia ilikwenda makaburini, mchana anaimbiwa wimbo wa bethidei. Alikua akiona haya kufurahi.

Alipoolewa, mumewe hakujua. Akaandaa sherehe ya kushtukiza, kadi, muziki na wageni arobaini. Bibie alipofungua mlango aliangua kilio. Mume akaona amedharauliwa, wakanuniana wiki nzima. Mwisho mwanamume akauliza swali ambalo angeuliza mapema: "Kwani siku hii ina nini?" Akasimuliwa yote.

Siku hizi wanakwenda makaburini wote wawili, wanapalilia na kuweka maua. Jioni wanakula chipsi kuku, wao tu. Anasema bado analia, lakini halii peke yake, na kuku anamaliza.

UFANYE NINI?
• Sema mapema. Kama hutaki kumwagiwa maji wala kuimbiwa, mwambie mwenzio wiki moja kabla. Kama unataka keki, sema pia!

• Acha mitego. Ule mchezo wa kunyamaza "nione kama atakumbuka" umevunja mahusiano mengi. Mtu anaweza kusahau tarehe na bado akakupenda.

• Ukipongeza, pongeza. Maswali ya ndoa, watoto na kiwanja yasubiri siku nyingine. Hujui mwenzio amehangaika kiasi gani.

• Usijipime na picha za watu. Anayeweka keki ya ghorofa tatu kwenye stetasi hajaweka na deni lake.

• Jipe ruhusa. Unaweza kushukuru umefika na hapohapo ukasikitika kwa yale yasiyofika. Wala si kukosa shukrani.

Mimi nimebadilisha utaratibu. Asubuhi ya bethidei yangu, kabla sijasoma ujumbe wowote, nampigia mama kumwambia asante na pole. Hunisimulia upya, na kila mwaka anaongeza kipande ambacho alikuwa hajakisema.

Na shangazi? Bado anaulizia pilau. Siku hizi namjibu: "Njoo Jumapili shangazi, nitakupikia." Na huwa anakuja kweli!